Mtoto Hana Poza

Nanzia alimkuta mjukuu wake amelala chali juu ya kitanda cha kamba, khanga imemtoka miguuni, analia kilio cha mtoto aliyechoka kulia, sauti imekauka imebaki kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mama yake alikuwa hatua nne tu kutoka pale, kibarazani, anamenya tangawizi.

Na alikuwa anamenya vizuri, hilo ndilo lililomwuma Nanzia zaidi. Niwaeli alikwangua ganda kwa ukingo wa kijiko, taratibu, bila kupoteza nyama, akakizungusha kila kidole cha tangawizi mpaka kwenye vipembe vyake. Beseni lilipojaa alisimamisha mikono, akainamisha kichwa upande wa sikio la kulia kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde, akajibu kwa sauti ndogo, "Nimeshapoa." Akafumba macho. Mabega yakashuka, uso ukalainika kama wa mtu aliyelambishwa asali. Kisha akavuta beseni jingine.

Nanzia akamwinua mtoto. Alikuwa wa siku tisa, ameitwa Namkunda, jina ambalo kwa Kipare ni sawa na kusema "nampenda". Winda lake lilikuwa kavu tangu asubuhi. Utosi ulikuwa umeingia ndani kiasi cha kukalisha punje ya harage.

Akamwuliza binti yake mtoto amenyonya lini. Niwaeli alifikiri kwa bidii, hakuwa na kiburi wala hasira, akasema labda jana jioni.

"Humsikii analia?"

"Namsikia, mama." Akamtazama mtoto kama mtu anavyoutazama mzigo wa jirani. "Lakini mtoto hana poza."

Nanzia alimketisha binti yake, akamfungua kifua, akamshika mtoto kichwa akamweka titini. Niwaeli hakukataa. Alilitoa titi kama mtu anayemwazima jirani mwiko, na jicho lake likabaki kwenye beseni.

*

Kuna jambo la kueleza hapa. Nanzia alipokuwa msichana ilikuja ile Miaka ya Kuketi. Ugonjwa wake haukuwa na homa wala kikohozi. Mtu aliketi tu. Mkulima aliketi kando ya shamba, jembe mapajani, magugu yakampita kimo, wala hakuona sababu ya kuinuka. Mama yake Nanzia mwenyewe aliketi mbele ya jiko lenye kuni na kiberiti mpaka alipokufa, chakula kiko mbichi sufuriani.

Basi wakapanda wataalamu kutoka bondeni na dawa yao, punje ndogo kama uwele, inayopandikizwa nyuma ya sikio la kulia. Wakaitisha mkutano kijijini Ighombe, wakauliza: mkimkuta mtu yuko kazini, mnamwambia nini? Watu waliobaki na nguvu ya kucheka wakacheka. Tunamwambia "pole na kazi". Naye anajibu nini? Anajibu "nimeshapoa". Wataalamu wakafurahi, wakatafuta mwenye sauti nzuri, wakapewa Nakiete mfinyanzi, mwanamke aliyekuwa akiimba wakati wa kukanda udongo. Wakainasa sauti yake. Tangu siku hiyo, ukimaliza kazi, Nakiete anakwambia "pole na kazi" ndani ya sikio, nawe ukijibu "nimeshapoa" punje inaachia tone la utamu, linateremka uti wa mgongo mpaka kwenye nyayo. Kifaa wakakiita kipoza, na utamu wake ukaitwa poza.

Watu waliinuka. Hilo tuseme kwa haki. Mashamba yalilimwa, mifereji ikazibuliwa, Ighombe ikaishi.

Ila siku ile ya mkutano kuna jambo halikuulizwa, na kwa kuwa halikuulizwa, hakuna aliyelisema, maana nani humweleza mgeni jambo linalojulikana na kila mtoto? Kwamba pole haiwi ya aliyemaliza peke yake. Hupewa aliye katikati ya mlima na mzigo kichwani, aliyejikwaa, aliyevunja chungu, hata aliyefiwa. Wataalamu wakashuka na nusu ya neno.

Kazi zenye poza zilikuwa thelathini, wala kifaa hakikubali ya thelathini na moja. Zilikaa kwenye kibao cha kioo kilichopigiliwa ukutani katika ghala la zamani la kahawa, na mwenye kuzipanga alikuwa Nanzia. Walimchagua kwa sababu alimaliza darasa la saba na hakuwa na kinyongo na mtu. Kutia moja ni lazima utoe nyingine. Na alichokigundua Nanzia katika miaka kumi na sita ya upangaji hakikuandikwa popote: kazi ikishaingia kwenye orodha, kisha ikatolewa, haifanywi tena. Haifanywi hata na yule aliyeifanya kwa mapenzi kabla kipoza hakijazaliwa.

*

Siku nne alipanda na kushuka bonde kwenda kwa binti yake, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, kumshikia mtoto titi. Siku ya tano alikuta nyumba tupu na Namkunda peke yake kitandani. Niwaeli alikuwa mferejini, anazoa tope na wenzake, kwa sababu tope lina poza.

Nanzia akamfunga mtoto mgongoni, akapita kwa Nakiete.

Mfinyanzi alikuwa ameketi kizingitini, mikono imelala juu ya magoti kama zana za mtu mwingine. Nyuma yake vyungu vya zamani vilipangwa ukutani, kila kimoja na mistari shingoni, mawimbi, mbegu, nyayo za ndege, mapambo ambayo hakuna mnunuzi aliyepata kuyaomba. Vya baadaye havikuwa na kitu. Nanzia alikijua chanzo. Ni yeye aliyetia ufinyanzi kwenye orodha, kwa wema, ili rafiki yake naye aonje. Poza ilihesabiwa kwa chungu, na nyayo za ndege zilichelewesha chungu. Msimu uliofuata plastiki ikajaa, ufinyanzi ukatolewa, na Nakiete hakugusa udongo tena.

Nanzia alimwuliza afanye nini. Akamweleza yote, mpaka utosi.

"Usimtie huyo mtoto kwenye kioo chako," Nakiete alisema.

"Atakufa."

"Mnyweshe maziwa ya mbuzi."

Nanzia alimwambia keshajaribu, yanampita mtoto kama maji kwenye kapu. Nakiete alikwangua kucha isiyo na udongo.

"Unajua wewe binti wa Mrutu uliniibia nini? Nilipokuwa nafinyanga mikono ilikuwa inawasha isipopata udongo. Inawasha kweli, kama upele. Sasa haiwashi. Nikipita njiani nikiwaambia watu pole na kazi, kwa kinywa changu, hakuna anayegeuka. Sauti ni ileile, lakini haina tone." Akamtazama mtoto mgongoni. "Huko chini kuna wanawake kumi na mmoja wananyonyesha, na wote bado wanawashwa."

Neno hilo Nanzia aliondoka nalo.

*

Alimwita fundi kwenye kibao. Fundi alikuwa kijana wa kike mwenye adabu, uso wake ukatokea kiooni, akaamkia shikamoo mama, akasikiliza mpaka mwisho. Nanzia alimwomba poza ya kunyonyesha impate Niwaeli peke yake.

Fundi alisema haiwezekani. Orodha ni ya kijiji. Ikitiwa, itawapata wote kumi na wawili.

"Na kifaa kitajuaje kuwa amenyonyesha?"

"Maziwa yanaposhuka mwili wa mama hubadilika, mama. Kipoza kinasikia. Yakishuka, kinahesabu moja."

"Na wale wengine kumi na mmoja, ambao hawana shida?"

Fundi alikunja midomo kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa. Akasema hao nao watafurahi tu.

Nanzia alikaa mbele ya kile kioo mpaka kivuli cha mlango kikagusa vidole vyake vya miguu. Mgongoni Namkunda alikuwa ameacha kulia. Alipeleka mkono nyuma akapapasa utosi. Ikaingia ncha yote ya kidole.

Akatafuta kazi ya kutoa, ile ambayo haitamkosesha mtu chochote. Akaona "kufagia njia ya makaburini". Akaitoa. Mahali pake akaandika "kunyonyesha".

*

Siku kumi za mwanzo zilikuwa za shukrani. Niwaeli alimpakata mtoto mwenyewe, akainamisha kichwa, akajibu "nimeshapoa", na Nanzia, aliyekuwa ameketi mlangoni, alifuta macho kwa upindo wa khanga. Winda likalowa. Utosi ukainuka. Wanawake walipita ghalani kumshukuru, mmoja na mkungu wa ndizi, na Nasemba, ambaye alikuwa mnene wa kicheko kuliko wa mwili, alimtania mbele ya watu kwamba Mama Niwaeli ni mjinga, ametoa utamu kwa kazi waliyokuwa wakiifanya bure.

Huyu Nasemba alikuwa na mtoto wa kiume wa mwezi mmoja, Kiangi. Alimwita "mume wangu". Alikuwa na tabia ya kumwimbia puani wakati wa kunyonyesha, wimbo usio na maneno, mpaka mtoto mwenyewe akajifunza kuguna pamoja naye huku ziwa liko kinywani. Kijiji kizima kilikuwa kikiwacheka wawili hao.

Wiki ya tatu Nanzia aliketi karibu naye ghalani wakichagua tangawizi, na kwa muda hakujua ni nini kinachokosekana. Kisha akajua. Ile sauti ya puani haikuwapo. Mtu anayesubiri kuitwa hapigi kelele.

Akamtazama vizuri. Nasemba alimweka mtoto titini. Akangoja, kichwa kimeelekea sikio la kulia. "Nimeshapoa." Papo hapo akatia kidole pembeni mwa mdomo wa mtoto, akamchomoa. Mtoto akafurukuta. Akangoja kidogo mwili utulie, akamweka titi la pili. "Nimeshapoa." Akamchomoa. Maharage yaliyokuwa jikoni nje ya ghala hayajachemka mara ya kwanza, Nanzia alikuwa amehesabu kumi na nne.

Sasa, kila aliyewahi kulea anajua kuwa maziwa ya mama ni ya namna mbili katika titi moja. Yanayotangulia ni mepesi, ya kukata kiu. Yale mazito, yenye mafuta, yanayomfanya mtoto alale na jasho puani, huja nyuma, na hayaji ila kwa anayevuta mpaka mwisho. Kiangi alikuwa anapewa kiu ikatwe kutwa nzima. Mapaja yake yalikuwa na ngozi iliyolegea, kama soksi ya mtu mzima.

"Mwache anyonye mpaka aachie mwenyewe," Nanzia alimwambia.

Nasemba alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Namnyonyesha mara themanini kwa siku, Mama Niwaeli. Ni mama yupi wa zamani aliyefikisha themanini?"

Nanzia alikwenda kwenye kibao. Akafuta neno, akaandika "kunyonyesha mpaka mtoto ashibe". Kioo kikakataa. Akamwita fundi, na fundi akamweleza polepole, kwa huruma, kwamba kipoza kiko mwilini mwa mama, na shibe ya mtoto haimo mwilini mwa mama.

Basi lilibaki moja, kulitoa. Alinyanyua kidole.

Na hapa ndipo alipokosea, wala hakumficha mtu baadaye. Niwaeli naye alikuwa akichomoa, lakini kila siku Nanzia alikaa ubavuni pake akakishikilia kichwa cha Namkunda, akauzuia mkono wa binti yake kwa nguvu za bibi, mpaka mazito yaje. Mjukuu wake alikuwa ananenepa. Neno likitoka kwenye orodha, Niwaeli atamweka chini, na safari hii hatamwinua tena. Nanzia akajiambia angoje mtoto akomae kidogo, afikishe miezi miwili, awezane na maziwa ya mbuzi. Akashusha kidole. Akazunguka nyumba kumi na moja akiwaambia wanawake waache watoto wamalize. Wote wakamwitikia ndiyo mama, kwa heshima, vichwa vimeinama upande wa kulia.

Akangoja siku tisa.

Usiku wa kuamkia siku ya tisa Kiangi alipata homa ndogo, homa ambayo mtoto mwenye nyama huitoa jasho kwa usiku mmoja. Yeye hakuwa na cha kutolea jasho. Alikufa saa nne ya asubuhi, akiwa mapajani mwa mama yake, na waliokuwapo walisema Nasemba alikuwa anajibu "nimeshapoa" wakati mtoto hana pumzi tena, maana maziwa yalishuka tu yenyewe.

Walimbeba kwenda kumzika, na njia ya makaburini haikuonekana. Majani yalikuwa yamefika kifuani. Wanaume walitangulia na mapanga, wakikata, wakisimama, wakikata, na nyuma yao kile kifurushi cheupe kikisubiri mikononi mwa babu yake. Nanzia alijua ni nani aliyeifunga njia ile. Alitembea mwisho wa msafara. Makaburini watu walisimama mbele ya Nasemba, vinywa vinataka kusema kitu na havijui. Neno la kumpa mfiwa lilikuwa limehamia masikioni miaka mingi, halikutoka.

*

Kabla hata hajanawa udongo wa makaburini, Nanzia alilifuta neno kwenye kioo.

Siku iliyofuata Niwaeli alimweka Namkunda chini katikati ya kunyonya, kama mtu anavyoweka chini kikombe kitupu, akaenda kuzoa tope. Katika wale wengine kumi, watano waliendelea kwa kusuasua. Watano waliweka watoto chini, na bibi zao wakaokota vijiko vya maziwa ya mbuzi. Watoto hao walimeza walichopewa. Namkunda alitapika maziwa ya mbuzi siku mbili mfululizo, na ile sauti ya bawaba ikamrudia.

Nakiete alimkuta Nanzia uani akimpepea mtoto. Alisimama kidogo, akasema, "Maziwa hayajui kuwa mtoto amekufa."

Nanzia alielewa. Alikuwa ameelewa tangu jana, ila miguu ilikuwa imekataa.

Nasemba alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, mchana mweupe, khanga imelowa kifuani miduara miwili. Hakumkaribisha. Nanzia akapiga magoti kwenye vumbi, mtoto mikononi.

"Nilijua siku tisa kabla," alisema. "Niliona unamchomoa, nikajua atakwisha. Ningeweza kulifuta siku ileile. Sikulifuta, kwa ajili ya huyu."

Nasemba alimtazama mpaka jua likamchoma Nanzia kisogo.

"Siku tisa," alisema.

"Tisa."

"Mwondoe hapa."

Nanzia alijiinua kwa goti moja, kisha la pili. Ndipo Namkunda akalia. Si kwa nguvu, hakuwa nazo, alikwaruza tu mara moja. Na ile miduara kwenye khanga ya Nasemba ikatanuka. Maziwa yalipita kitambaa yakadondokea magoti yake, kabla hajaamua lolote, kabla hajaulizwa. Nasemba alikiangalia kifua chake kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukimfungulia mgeni.

"Mlete," alisema.

Mtoto alidaka kwa pupa, akapaliwa, akadaka tena. Maziwa yaliposhuka kichwa cha Nasemba kiliinama upande wa sikio la kulia, kwa mazoea, na kikakaa hivyo, kinangoja. Hapakuwa na aliyeita. Nanzia aliujua wakati ule. Ndio uleule ambao Niwaeli alimweka mtoto chini. Mkono wa Nasemba ulisogea mpaka pembeni mwa mdomo wa mtoto, kidole kikagusa shavu.

Kikabaki pale.

Namkunda alivuta. Mwanzo haraka haraka, yale mepesi, kisha koo lake likabadili mwendo, likawa linameza kwa uzito, pumziko, kumeza, pumziko, na jasho dogo likatokea juu ya pua. Mazito yalikuwa yamefika. Machozi ya Nasemba yalidondoka kwenye nywele za mtoto, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Nanzia alifungua kinywa. Neno lilitoka likiwa na kutu, maana ilikuwa miaka halijapita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

"Pole, Nasemba."

Hakujua kama anampa ya kazi au ya msiba. Ni neno lilelile.

Nasemba hakuinua uso. "Sijapoa," alisema. "Wala usinipoze."

Akaendelea kunyonyesha, na Nanzia akabaki pale vumbini, mpaka mtoto akaliachia titi mwenyewe.